Uliza Msimamizi Kabla ya Kuuliza Ada

Vijana wenye shahada ya kwanza ya saikolojia hunijia na orodha ya vyuo vya uzamili wa saikolojia tiba, ada imeandikwa pembeni mwa kila jina. Wanataka nichague. Nami huwauliza: ukiingia chumbani na mgonjwa, nani atakusimamia?

Chukua mfano huu. Mwanafunzi ametoka wodini. Amekaa dakika 50 na mama aliyefiwa na mume, ameandika kurasa tatu. Msimamizi anazisoma taratibu, kisha anaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa mama amekwambia halali tangu mazishi, wewe ukamwuliza ana watoto wangapi. Ulikimbia nini?" Mwanafunzi anainamisha kichwa. "Niliogopa atalia, dokta." Kwangu mimi, ada ya miaka miwili inalipia maswali ya namna hiyo. Nadharia za Freud na Beck utazisoma hata ukiwa kitandani.

Ndiyo maana mimi hupendelea programu iliyokaa karibu na hospitali. Muhimbili, chuo na hospitali ya taifa ni majirani wa ukuta. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha saikolojia tiba katika idara ya magonjwa ya akili, penye Hospitali ya Kenyatta. Hapo utakutana na anayesikia sauti, mlevi anayetetemeka kwa kukosa pombe, mtoto aliyeacha kusema. Kuna programu ambazo mgonjwa wako wa kwanza ni mwanafunzi mwenzako anayejifanya ana sonona. Huyo hatakufundisha mengi.

Soma pia jina la shahada kwa makini. Ushauri nasaha ni kazi ya heshima, lakini si saikolojia tiba. Na saikiatria ni ya aliyesomea udaktari kwanza, ndiye anayeandika dawa. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, na bodi ya kuwasajili. Iulize bodi kama shahada hiyo inatambuliwa, usiridhike na maneno ya ofisi ya udahili.

Wanaoota Marekani wajue kwamba huko, katika majimbo mengi, uzamili hautoshi kukupa leseni ya mwanasaikolojia; inatakiwa shahada ya uzamivu. Njia ni mbili: PhD, inayomlea mtafiti na mtabibu kwa pamoja, wazo lililopitishwa katika mkutano wa Boulder mwaka 1949; na PsyD, inayoegemea tiba zaidi, iliyopata nguvu baada ya mkutano wa Vail mwaka 1973. PhD nyingi humsamehe mwanafunzi ada na kumpa posho. PsyD nyingi humwachia deni.

Jambo moja husahaulika: lugha. Madodoso mengi tunayotumia yalitungwa kwa Kiingereza, ilhali mgonjwa wetu hasemi ana sonona. Anasema moyo unakwenda mbio, kichwa kizito, mwili umechoka bila kazi. Programu isiyokuzoesha kusikiliza hayo kwa Kiswahili itakutoa ukiwa na cheti na masikio yaliyoziba.

Basi kabla ya kulipia fomu, nenda chuoni umtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili. Mwulize alikaa lini mara ya mwisho na msimamizi wake. Akihesabu siku, jaza fomu. Akianza kuhesabu miezi, tafuta kwingine.