Malaika: Sauti ni ya mwimbaji, wimbo ni wa nani?

WIMBO Malaika ulivuma kote duniani kupitia sauti ya Miriam Makeba wa Afrika Kusini na baadaye kundi la Boney M. Hata hivyo, wapenzi wa muziki hawajaafikiana kuhusu aliyeutunga. Mkenya Fadhili William, aliyeurekodi mapema katika miaka ya 1960 na kufariki mwaka wa 2001, alishikilia kuwa ni wake. Mtanzania Adam Salim naye alidai kuutunga mnamo 1945.

Mzozo huu si wa sifa tu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, haki ya aliyetunga si haki ya aliyerekodi. Ya rekodi hudumu miaka 50 tangu iliporekodiwa. Ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Iwapo Fadhili ndiye mtunzi, haki hiyo itadumu hadi mwisho wa 2051.

Hivyo basi, msanii chipukizi na asajili utungo wake kwa Bodi ya Hakimiliki kabla ya kuingia studioni. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari.