Firefly: Nilianzia mahali pabaya, hata Fox walianzia pabaya

Wacha nianze na ujinga wangu mwenyewe. Mwaka nilioacha chuo nilikuwa na muda mwingi na pesa kidogo, na unajua mchanganyiko huo humpeleka mtu wapi: duka la muvi. La mtaani kwetu lilikuwa kibanda chenye kompyuta moja na kuta zilizojaa makava ya DVD. Unafika na flashi, jamaa anakujazia kipindi kizima kwa bei ya chipsi. Nikamwambia, "Bro, niwekee kitu cha anga za juu, lakini si Star Wars." Akanitazama kama daktari, akaniwekea Firefly.

"Hii ni ya makauboi wa angani," akasema. "Lakini usirudi hapa kuniuliza msimu wa pili. Hakuna."

Nikafika keja, nikachomeka flashi kwa TV. Shida ni kwamba faili hazikuwa na nambari, zilikuwa na majina tu, na TV ikazipanga kwa alfabeti. Kwa hivyo episodi ya kwanza niliyoona katika maisha yangu ilikuwa "Ariel".

Kama umeshaitazama Firefly, najua unacheka. Kama bado, ngoja. Katika "Ariel" genge linaingia hospitali ya matajiri kuiba dawa, na mmoja wao, Jayne, anawauza wenzake wawili kwa serikali. Baadaye kapteni anamtwanga kichwa na kumfungia kwenye chumba cha mlango wa nje, chombo kikipaa, mlango ukiwa wazi. Tukio hilo lilipaswa kunikata maini. Mimi nilikaa tu nikijiuliza: huyu ni nani? Hao ndugu wawili wanasakwa kwa nini? Usaliti wa mtu usiyemjua ni kama taarifa ya habari tu.

Nilidhani hayo ni masaibu ya msee maskini mwenye flashi. Kumbe watazamaji wa Marekani walitendewa karibu vivyo hivyo na kituo kikubwa cha televisheni.

Iko hivi. Joss Whedon, aliyekuwa ameshavuma na Buffy the Vampire Slayer, alitengeneza episodi ya kwanza ya saa mbili iitwayo "Serenity". Mwaka ni 2517. Vita vimeisha, na upande wa Malcolm Reynolds, anayeigizwa na Nathan Fillion, ndio ulioshindwa. Ananunua chombo kikuukuu, anakipa jina la bonde walikopigwa, anakusanya watu na kuanza kuishi kwa vibarua: kubeba mizigo, mingine halali, mingine usiulize. Sayari za katikati zina pesa na mitambo. Za pembeni zina vumbi, farasi na bastola. Ukiwaza kidogo utaona inaingia akilini: farasi hahitaji spea. Na huko nje angani hakuna sauti kabisa, risasi inafyatuka kimya, jambo ambalo muvi nyingi za anga hulipuuza.

(Lawama yangu moja: hawa watu wanatukana kwa Kichina mwanzo mwisho, lakini waigizaji wenye asili ya Kichina utawatafuta kwa tochi.)

Fox wakaona episodi hiyo inajikokota. Wakataka mwanzo wenye vituko zaidi, na Whedon na mwenzake Tim Minear wakaandika "The Train Job" wikendi moja. Hiyo ndiyo iliyofungua kipindi tarehe 20 Septemba 2002, tena Ijumaa usiku, saa ambayo vijana wako nje. Ile ya kwanza kabisa, inayokueleza nani ni nani, ilionyeshwa tarehe 20 Desemba, kipindi kikiwa tayari kimekatwa. Yaani unatambulishwa kwa watu siku ya kuwazika. Episodi 14 zilikuwa zimetengenezwa. Zilizoonekana ni 11.

Kisha Desemba 2003 zikatoka DVD. Diski nne, episodi zote 14, kwa mpangilio wa mtunzi, pamoja na zile tatu ambazo Fox hawakuwahi kuonyesha: "Trash", "The Message" na "Heart of Gold". Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mtu ananunua, anamwazima rafiki, rafiki naye anaenda kununua yake. Mashabiki wakajiita Browncoats, jina la jeshi lililoshindwa, na diski zikauzika hadi Universal wakatoa pesa ya filamu, Serenity, iliyotoka Septemba 2005. Chiwetel Ejiofor ndiye anayewawinda humo, na anatisha kwa upole wake. Haikuleta pesa ya maana, na kwenye sinema hadithi ikaishia hapo. Lakini mwaka wa 2007 mwanaanga Steven Swanson alibeba diski za kipindi na za filamu hadi kituo cha kimataifa cha anga za juu. Chombo kilichozimwa na Fox kikafika angani kweli.

Episodi ninayotaka uione ni "Out of Gas". Kipuri cha injini kinaharibika, hewa inaisha, Mal anawatuma wenzake wote waondoke na anabaki peke yake, ana jeraha la risasi. Katikati ya hayo tunarudishwa nyuma kuona kila mmoja alivyoingia kwenye chombo, na Mal alivyokiona mara ya kwanza. Mwisho wake sikuambii. Kwa mpangilio wa diski ni ya nane. Umeshaishi na hawa watu, unajua nani hucheka vipi. Kwangu ilikuwa ya saba, na sikuwa hata nimefika "Serenity", ambayo alfabeti iliiweka ya tisa. Ile ya mwisho kabisa, "Objects in Space", nilikuwa nimeimaliza ikiwa ya tano.

Hata hivyo kuna kitu kilininasa. Wakati huo nyumbani walidhani bado ninaenda darasani. Kila asubuhi nilitoka na begi. Kumtazama mtu aliyeshindwa, ambaye kazi yake ni kuhakikisha chombo kinapaa leo tu, kesho tutajua, ilinikaa mahali.

Duka lilifungwa, siku hizi hapo wanauza makava ya simu. Kabla ya kufunga, jamaa alinipa nakala yake ya DVD, imeandikwa kwa kalamu ya wino mweusi. Kompyuta yangu haina pa kuingiza diski, kwa hivyo nikaipeleka kwa shangazi, ambaye bado ana mashine ya DVD chini ya TV. Tukaanza na "Serenity", ile ya saa mbili, si filamu, usizichanganye. Kufikia episodi ya tatu shangazi alikuwa ameacha kukatakata sukuma. "Ariel" ilipofika, Jayne alipowauza wenzake, alimtusi kwa Kikamba.

Tulipomaliza ya 14 akaniambia, "Haya, weka msimu wa pili."

Nikamwambia, "Hakuna, shangazi."

"Umeangalia vizuri?"