Mtoto hasemi: akatwe kimeo, au tuulize kwanza "umejuaje"?



Waulize watu watano pale sokoni Sumbawanga mtoto wa miaka mitatu asiyesema afanyweje, utaondoka na majibu matano. Mmoja atasema akatwe kimeo. Wa pili, akatwe kale kanyama chini ya ulimi. Wa tatu, subirini tu, hata baba yake alichelewa. Wa nne atakuelekeza kwa mganga (mji wetu jina lake maana yake ni "tupa uchawi", lakini waganga hawajatupwa). Wa tano kasoma kitu kwenye simu. Majibu yapo tele. Kazi ni kujua nani kati yao anajua, na amejuaje.

Hilo "amejuaje" ni somo zima kwa wanaosomea tiba ya usemi na lugha. Wenzetu wa Makerere, Uganda, walianza kufundisha shahada ya fani hii mwaka 2008. Hapa Tanzania wataalamu wake bado ni wa kuhesabika, kwa hiyo anayeulizwa kule Laela au Matai ni nesi, mwalimu au mchungaji. Basi na somo ni lao.

Tuanzie shambani, maana kwa kweli jambo hili lilianzia shambani. Jirani anakwambia mbegu mpya ya mahindi imempa gunia nyingi. Mkulima mwenye akili haendi dukani mbio. Anauliza: mvua ya mwaka huo ilikuwaje? Shamba lilikuwa la matuta ya ntumba yenye nyasi zilizooza, au ardhi iliyochoka? Na mbegu ya zamani ingetoa ngapi palepale? Ronald Fisher, Mwingereza aliyefanya kazi kituo cha kilimo cha Rothamsted miaka ya 1920, alikuja na dawa yake: gawa shamba vipande, kisha piga kura kipande kipi kipate mbegu ipi. Kura haina ndugu wala rafiki. Baadaye madaktari wakaichukua mbinu hiyo kwa wagonjwa.

Sasa kigugumizi. Mwaka 2005 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha jaribio lililofanyika New Zealand kwa watoto 54 ambao hawajaanza shule. Kwa kura, 29 walipewa tiba iitwayo Lidcombe, ambayo mzazi hufundishwa kumsifu mtoto nyumbani anaposema bila kukwama. Wale 25 wengine hawakupewa tiba hiyo. Baada ya miezi tisa, kigugumizi cha kundi la kwanza kilikuwa kimepungua kwa wastani wa asilimia 77.

Wengi hapo wangefunga jarida na kushangilia. Lakini angalia kundi la pili: nalo lilipungua kwa asilimia 43! Yaani watoto wadogo wengi kigugumizi huwatoka chenyewe. Kumbe mganga, mchungaji au hata mtaalamu aliyesomea Ulaya anaweza kumfanyia mtoto chochote kile, mtoto akapona, naye akajichukulia sifa. Bila kundi la kulinganisha huwezi kujua. Ile tofauti kati ya 77 na 43 ndiyo kazi ya tiba yenyewe, na ni nzuri tu. Nukta hii moja, wadau, ukiishika umeshapita nusu ya somo.

Turudi kwenye ulimi. Mwaka 2017 mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya majaribio na kuyapima kwa pamoja, ulitoa mapitio kuhusu kukata ukano wa chini ya ulimi kwa vichanga: majaribio matano, watoto 302. Waliona mama hupungukiwa maumivu ya chuchu anaponyonyesha. Sawa. Lakini swali lao lilikuwa kunyonya, halikuwa kusema. Mtu akikuonyesha karatasi ile kama ushahidi kwamba mwanao akikatwa ataongea, kakupa jibu la mtihani wa mwenzako. Na kimeo ndiyo kabisa. Kimening'inia kwenye kaakaa laini, ambalo huziba njia ya pua tunapotamka, na kukikata kwa wembe kunaleta damu na maambukizi. Huyo mtoto kwanza apimwe masikio. Asiyesikia vizuri atasemaje?

Sasa la kwetu hasa. Mwaka 2015 Nazneen Gangji na wenzake Michelle Pascoe na Mantoa Smouse walichapisha utafiti juu ya namna watoto wanavyojifunza sauti za Kiswahili. Ni kazi ya thamani, maana kabla ya hapo mtaalamu alikuwa akimpima Mtanzania kwa vipimo vya Kiingereza. Lakini soma ukurasa wa mbinu: watoto 24, umri kuanzia miaka mitatu hadi chini ya sita, wote wa Dar es Salaam. Wenyewe waandishi waliita matokeo yao ya awali.

Je, nimchukue mtoto wa kijijini Nkasi, anayesikia Kifipa kwa bibi tangu kuzaliwa, nimpime kwa kipimo cha mtoto wa Dar? Akikosea, nitaandika ana tatizo, kumbe ana lafudhi tu, au Kiswahili ndiyo kwanza anakianza. Mwenye tatizo la kweli la lugha huonekana nalo katika lugha zote mbili. Kwa hiyo muulize bibi: kwa Kifipa anasemaje, na wenzake wa rika lake je? Swali hilo halina gharama.

Kwa wagonjwa wa kiharusi waliopoteza lugha, Cochrane 2016 walipitia majaribio 57 yenye watu 3,002, wakaona tiba inasaidia mawasiliano. Wachache walihudumiwa na watu wa kujitolea waliofundishwa, na tofauti na wataalamu haikuonekana wazi. Kwetu huku, Muhimbili ikiwa zaidi ya kilometa 1,000, habari hiyo inavutia. Ila "hatukuona tofauti" kwa watu wachache si sawa na "hakuna tofauti". Jaribuni, lakini mwandike mnachokiona.

Pa kusoma? PubMed ni bure kutafuta, na muhtasari wa Cochrane husomeka bila kulipa. Vyuo na hospitali waulize kuhusu Hinari, mpango wa WHO ulioanza 2002 kufungulia nchi kama yetu majarida ya kulipia.

Kinachokosekana ni watoto wetu wa Kifipa kwenye hizo karatasi. Simu ya kurekodi sauti, picha za vitu wanavyovijua (jembe, ulezi, kuku), ridhaa ya wazazi na kibali cha maadili cha NIMR: mwalimu au nesi wa Sumbawanga anayetafuta mada ya utafiti wa chuo anaweza kuanza na hivyo. Hata watoto 24 wangetosha kuanzia.