Unakwenda likizo nyumbani? Uliza kabla ya kufunga begi la dawa



Skuli zinapofungwa na joto la Muscat linapopindukia nyuzi 40, wengi wetu huelekea Unguja na Pemba. Hatuendi mikono mitupu. Pamoja na tende, halua na nguo za watoto, huwa pana mfuko wa dawa: nyengine tumezichangisha kwa jamaa, nyengine tumenunua Ruwi, na nyengine zimebaki kabatini. Tunazipeleka kituo cha afya cha kijijini kwetu tukitaraji thawabu. Nia ni njema, lakini baadhi ya dawa hizo zinaweza kumdhuru mgonjwa.

Chukua mfano wa kichupa kilichobanduka karatasi yake, ndani mna vidonge vya kushusha sukari. Akipewa kwa makosa mzee asiye na kisukari, sukari yake inaweza kushuka mpaka akazimia, na asipowahiwa akafariki. Au dawa ya presha ambayo kituo hakinayo. Bibi anaanzishiwa, anapata nafuu, na baada ya mwezi inakwisha. Wewe umesharudi Muscat. Yeye anakaa bila dawa akidhani amepona, presha inapanda kimya kimya, na mwisho wake huweza kuwa kiharusi.

Haya yameshatokea kwa kiwango kikubwa. Baada ya tsunami ya Disemba 2004, mkoa wa Aceh, Indonesia, ulipokea dawa za msaada zipatazo tani 4,000. Zaidi ya nusu hazikuwemo katika orodha ya dawa za nchi hiyo, na nyingi ziliandikwa kwa lugha wasizozijua wahudumu. Tani zipatazo 600 zilihitaji kuteketezwa, na kuteketeza dawa nako kuna gharama.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya dawa mwaka 1996. Muhimu ndani yake: dawa iwe imeombwa, ifike ikiwa na muda wa angalau mwaka mmoja, iandikwe kwa lugha inayofahamika, na isiwe iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa kisha ikarudishwa.

Tena kumbuka, muuguzi wa kijijini hatakwambia "sitaki". Ataona haya kumkataa mgeni aliyetoka mbali. Kwa hiyo ni juu yako kuuliza mapema. Fanya hivi:

1. Wiki kadhaa kabla ya safari, mpigie mkuu wa kituo, au daktari dhamana wa wilaya, akupe orodha ya wanachohitaji.

2. Ikiwa ni dawa, uliza kwanza Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA) kuhusu kibali. Usisubiri kuulizwa uwanja wa ndege.

3. Dawa zilizobaki nyumbani usizibebe. Mpelekee mfamasia akuelekeze namna ya kuzitupa.

4. Dawa za usingizi na za maumivu makali, kama tramadol, zina sheria kali. Usizipeleke kama msaada. Wala usibebe mfuko wa mtu usioujua ndani mna nini.

5. Insulini huhifadhiwa baina ya nyuzi 2 na 8. Kama haikuombwa na huna chombo cha baridi, iache.

6. Glovu, bendeji na mashine za kupimia presha hazina matatizo mengi, lakini nazo uliza. Mashine ya sukari bila ya vipande vyake vya kupimia haina kazi, na vipande vya mashine moja havifai kwa nyengine. Mashine ya umeme iliyotoka Marekani, ya volti 110, itaungua ikichomekwa nyumbani.

7. Mkabidhi mkuu wa kituo kwa orodha iliyoandikwa, mtie saini nyote wawili. Usimgawie mgonjwa dawa kwa mkono wako, hata akiwa shangazi yako.

Mara nyengine fedha zitafaa zaidi, kwani dawa inaweza kununuliwa huko huko, kwa jina wanalolijua, na ikisha ikanunuliwa tena. Na wakikwambia wanahitaji betri za mashine ya presha au ndoo za kunawia mikono, peleka hizo bila ya kuona haya. Kwao ndiyo msaada mkubwa.