Mgeni Mkazi na Neno Lake: Kupima Maoni ya Wageni juu ya Mambo ya Nchi, kwa Mifano ya Taita Taveta

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Darasani methali hii hufafanuliwa kuwa ni himizo la kazi na onyo dhidi ya kupe wanaonyonya jasho la wenyeji wao. Ufafanuzi huo ni sahihi, lakini unaacha swali moja bila jibu. Mgeni akishapokea jembe, akalima na kuvuna, akalipa kodi na hata kuzika wafu wake katika ardhi ya wenyeji, je, apewe pia neno? Ana haki ya kusema kuhusu utawala, ardhi, njaa na siasa za nchi isiyo yake kwa kuzaliwa? Na akisema, sisi wasomaji tumsikilize kwa sikio lipi?

Makala haya yananuia kulijibu swali hilo. Kwanza hatuna budi kutofautisha mgeni mpitaji na mgeni mkazi. Mpitaji ni mtalii au msafiri anayeona nchi kupitia dirisha la gari. Mkazi ni yule aliyekaa miaka, akajifunza njia za kijijini na bei za sokoni, na ambaye mambo ya nchi yanamgusa mwenyewe. Maoni ya mpitaji ni rahisi kuyapuuza. Ya mkazi ni magumu zaidi, kwa maana anajua mengi, na mwenye kujua mengi huweza pia kupotosha mengi.

Mifano yetu tutaitoa Taita Taveta. Anayetoka Voi na kupanda kupitia Mwatate hadi Wundanyi hukutana na mambo matatu: mbuga ya wanyama, mashamba ya mkonge na minara ya makanisa. Mbuga, mkonge na misheni, yote matatu yalianza na wageni waliokuwa na maoni juu ya namna nchi hii ingepaswa kuwa. Safari hiyo fupi, basi, ni darasa tosha la mada yetu.

Misheni: nani anaandika, nani anasoma?

Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alifika Rabai mwaka 1846 akakaa huko hadi mwaka 1875. Mwaka 1847 alifika Kasigau, mlima ambao katika maandishi yake uliitwa Kadiaro, na mwaka uliofuata akaivuka nchi ya Wataita akielekea Uchagani. Tarehe 11 Mei 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Habari hiyo ilipofika Uingereza, William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, aliipinga vikali, akishikilia kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta. Muda si muda safari za wengine zilithibitisha kwamba Rebmann alisema kweli. Funzo la kwanza ni hilo: mgeni aliyekaa na kuona kwa macho yake ana ushahidi ambao msomi wa mbali hana. Kumpuuza kwa sababu tu ni mgeni ni kujinyima elimu.

Hata hivyo, kuona hakutoshi. Mwaka 1883 mmishenari J. A. Wray aliingia Sagala, kilima kilicho karibu na Voi. Mwaka 1894 kilichapishwa kitabu chake cha utangulizi wa lugha aliyoiita ya Taita, ilhali lugha aliyoisikia pale ilikuwa Kisagala. Wasomi wa isimu leo wanajua kwamba Kisagala na Kidawida ni lugha mbili, ingawa wasemaji wake ni majirani wa kilima kwa kilima. Wray hakusema uongo. Alikaa mahali pamoja, akaita sehemu kwa jina la zima. Kosa hili ni la wageni wakazi wengi: kijiji nilichokaa ndicho nchi, na jirani yangu ndiye taifa.

Wakati wa Wray ndipo ilipotokea njaa kuu ya mwaka 1884 na 1885. Mmishenari aliandika, na maandishi yake yakahifadhiwa Ulaya. Wazee hawakuandika. Walichokiacha ni jina, Mwakisenge, ambalo njaa hiyo inajulikana kwalo hadi leo. Mwanahistoria anayesoma barua peke yake ana nusu ya habari. Nusu ya pili imo katika jina, na katika masimulizi yanayolizunguka jina hilo.

Upande wa Taveta, wamishenari wa Mahoo walitoa gazeti lao, Taveta Chronicle, kati ya mwaka 1895 na 1901. Miaka hiyo ilikuwa ya misukosuko: ujenzi wa reli kutoka Mombasa, maradhi ya mifugo, ukame, na kuimarika kwa utawala wa Kiingereza. Kwa mtafiti, gazeti hilo ni hazina. Lakini liliandikwa hasa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasomaji wa kwao waandishi. Mtaveta aliyesemwa ndani yake hakuweza kulisoma, seuze kulijibu. Hapa ndipo tunapogusa kiini cha makala haya. Maoni ya mgeni huwa na kasoro ya kwanza pale yanapotolewa katika lugha inayomfungia nje anayezungumziwa. Ni kama kesi inayosikilizwa mshtakiwa akiwa amefungiwa mlango.

Mkonge: maslahi ya msemaji

Turejee shambani. Ewart Grogan, Mwingereza aliyepata sifa kwa safari yake kutoka Cape hadi Cairo, alikuwa mmoja wa walowezi mashuhuri wa Kenya. Mwezi Machi mwaka 1907 aliwachapa viboko Waafrika hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Baadaye alimiliki mashamba makubwa Taveta, na nyumba yake kubwa ilijengwa juu ya kilima karibu na mji huo. Kwa miaka mingi alikuwa msemaji wa walowezi, mwepesi wa ulimi na wa kalamu. Hakuna awezaye kudai kwamba Grogan hakuijua nchi. Aliijua vyema. Tatizo ni kwamba kila neno lake juu ya ardhi na vibarua lilikuwa na shamba nyuma yake.

Tumlinganishe na Norman Leys, daktari wa serikali katika himaya hiyohiyo. Wamaasai walipohamishwa kutoka Laikipia kati ya mwaka 1911 na 1913, Leys alipinga, akapeleka habari Uingereza. Matokeo yake ni kwamba yeye mwenyewe alihamishwa akapelekwa Nyasaland. Mwaka 1924 alichapisha kitabu Kenya, kilichofichua dhuluma za ardhi, kodi na kazi. Miaka mitatu baadaye William McGregor Ross, aliyekuwa mkuu wa idara ya ujenzi, alichapisha Kenya from Within katika mkondo huohuo.

Grogan na Leys wote walikuwa wageni na wote walikuwa wakazi. Lakini neno la mmoja lilimwongezea mali, la mwingine likamgharimu kazi. Hatusemi kwamba kila anayepata hasara husema kweli, wala kwamba kila anayefaidi ni mwongo. Tunasema kwamba swali la kwanza la msomaji liwe hili: msemaji huyu atapata nini tukimwamini?

Na wenyeji je? Wao hawakukaa kimya wakingoja Leys awasemee. Katika vilima vya Taita ardhi ilikuwa imetwaliwa, na shamba la kahawa la Wazungu pale Wundanyi lilikuwa mwiba katika nyoyo za watu. Mwaka 1939 kiliundwa chama cha Taita Hills Association, Mengo Woresha akiwa miongoni mwa viongozi wake, kudai haki ya ardhi. Mwaka 1940 serikali ilikipiga marufuku pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association, na viongozi wakazuiliwa. Tazama tofauti: mlowezi alipotoa maoni alipewa kiti katika baraza la kutunga sheria, daktari alipotoa yake alihamishwa, mwenyeji alipotoa yake alifungiwa. Ajabu ni kwamba katika nchi yake, mwenyeji ndiye aliyetendewa kama mgeni asiye na neno.

Mbuga: mjadala wa wawili

Mwaka 1948 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Tsavo. Ukubwa wake, Mashariki na Magharibi pamoja, unazidi kilomita za mraba 20,000, na zaidi ya nusu ya eneo la Kaunti ya Taita Taveta ya leo imo ndani ya mipaka yake. Msimamizi wa Tsavo Mashariki kwa muda mrefu alikuwa David Sheldrick, aliyezaliwa Misri na kukulia Kenya. Katika miaka ya 1960 ndovu waliongezeka na miti ikaangamia. Mwanasayansi Mwingereza Richard Laws alikuja kuchunguza, akapendekeza maelfu ya ndovu wapigwe risasi ili mbuga isigeuke jangwa. Sheldrick alikataa, akitaka maumbile yaachwe yajirekebishe. Laws aliondoka mwaka 1968. Ukame wa mwaka 1970 na 1971 ukaua maelfu ya ndovu, na kila upande ukaona umethibitishwa.

Mjadala huo unasomwa hadi leo katika vyuo vya uhifadhi, na ni mjadala wa watu waliojua walichosema. Ila tuulize waliokuwa nje yake. Waata, waliowinda ndovu kwa upinde vizazi na vizazi na kujua nyendo zao kuliko yeyote, walikuwa wamekamatwa na kufungwa wakati wa operesheni dhidi ya ujangili mwaka 1956 na 1957. Mkulima wa Sagala, ambaye mahindi yake huliwa usiku mmoja, hakuwa mshiriki. Wawili walibishana juu ya ndovu kana kwamba nchi haina watu. Na mgogoro wa ndovu na wakulima ungalipo katika viunga vya Voi na Mwatate hadi sasa, kwa kuwa swali la mwenye shamba halikuulizwa mapema.

Tulipokuwa wageni sisi

Ni rahisi kulaumu mgeni maadamu mgeni ni mwingine. Lakini Waswahili nao wamekuwa wageni wakazi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Maandishi yake ndiyo msingi wa Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, kitabu ambacho kila mwanafunzi wa fasihi na utamaduni hukitaja. Alioa Mjerumani. Mwaka 1905 alirejea na mkewe kwa meli, lakini wakuu wa koloni hawakumruhusu kushuka naye Dar es Salaam, ikambidi arudi Ujerumani, huku akilalamika kwa serikali. Baadaye alitoa mihadhara ya hadhara kuhusu Afrika, na alifia Berlin mwaka 1927.

Mtoro alikaa miongoni mwa Wajerumani kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa na mengi ya kusema juu yao. Walichotaka kutoka kwake ni desturi za kwao, si maoni juu ya Ulaya. Mgeni Mzungu huku aliulizwa Afrika iendeshwe vipi, lakini mgeni Mwafrika kule aliulizwa tu Afrika ikoje. Tukikumbuka hilo, hatutakuwa wepesi wa kumwambia mgeni wa kwetu, awe mkimbizi, mfanyabiashara au mwalimu, kwamba mambo ya nchi hayamhusu.

Hata mbali na kwetu hali ni hiyohiyo. Lafcadio Hearn aliishi Japani tangu mwaka 1890 hadi kufa kwake mwaka 1904, akachukua uraia na jina la Koizumi Yakumo. Hadithi nyingi zilizompatia sifa alisimuliwa na mkewe Mjapani, kwani kusoma Kijapani kulimpa shida. Kalamu ilikuwa ya mgeni, sauti ilikuwa ya mwenyeji.

Hitimisho

Kutokana na mifano hii tunapata vipimo vinne. Kwanza, msemaji alikaa wapi, na je, anachanganya kilima kimoja na nchi nzima? Pili, nani alimsimulia, na kwa lugha gani? Tatu, ana shamba gani nyuma ya neno lake? Nne, na hiki ndicho kikubwa, je, wanaozungumziwa wanaweza kumsoma na kumjibu? Maoni yanayoshindwa katika kipimo cha nne, hata yakiwa ya kweli kama theluji ya Rebmann, hubaki nusu.

Wajibu wetu kama wanafunzi wa Kiswahili unatokana na kipimo hicho. Maandishi ya wamishenari, walowezi na wanasayansi kuhusu Taita Taveta yapo, lakini mengi hayajatafsiriwa. Wazee wanaoweza kueleza Mwakisenge au shamba la Wundanyi walivyosimuliwa na wazazi wao wanapungua mwaka hadi mwaka. Anayetafuta mada ya tasnifu asiende mbali: achukue andiko moja la mgeni, alitafsiri kwa Kiswahili, alipeleke Sagala, Mbale au Mahoo, awasomee wenyeji, kisha aandike walichojibu. Jibu hilo limechelewa zaidi ya miaka mia moja. Mgeni tulimpa jembe, na neno akajitwalia. Lililobaki ni mwenyeji naye apate lake.