Ukitaka Kupanda Milima ya Ulaya Wakati wa Joto

Labda ndugu zako wamekualika kukaa siku chache Zermatt, katika inchi ya Uswisi. Ni mji wa wageni, chini ya mlima Matterhorn. Ni mwezi wa saba, jua ni kali, watu wanatembea na mashati mepesi. Unafikiri: Hapa hakuna baridi. Ngoja kidogo. Mji wenyewe uko mita 1,600 hivi juu ya bahari, na treni inakupeleka mpaka Gornergrat, mita 3,089, kwa muda wa nusu saa tu. Miguu haikuchoka, lakini mwili haukupata nafasi ya kuzoea.

Hewa ya pale juu ni nyepesi. Kila pumzi inaleta sehemu saba tu za oksijeni, mahali pa kumi ambazo mtu wa pwani anapata. Kwa sababu hiyo kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi unakosekana. Mara nyingi ugonjwa huu unangoja saa sita ao zaidi, kwa hiyo anayelala juu yuko katika hatari kuliko anayerudi jioni. Kaa kwanza siku mbili mjini, ukitembea polepole. Kichwa kikiuma, usipande tena mpaka kipone. Lakini mtu akiyumba kama mlevi, ao akihema sana hali ameketi, ashushwe upesi, hata usiku. Usiseme, “Alale kwanza, tutaona asubuhi.” Wengine hawakuamka.

Sasa tuseme juu ya mvua. Kila mita 1,000 unazopanda, joto linapunguka digrii 6 hivi, na upepo unazidisha baridi. Shati ya pamba ikilowa inaiba joto la mwili. Vaa sufu, chukua koti la mvua hata kama mbingu ni safi na wenzako wanakucheka. Mtu akitetemeka na maneno yake yanakuwa mazito, mtoe katika upepo, mvue nguo zilizolowa, mfunike vizuri. Akiwa na akili zake, mpe chai moto yenye sukari. Pombe hapana: inaleta joto katika ngozi na kulipoteza kule nje.

Radi hupiga zaidi baada ya saa sita ya mchana. Basi ondoka mapema sana, na saa sita uwe umekwisha kuanza kushuka. Ukisikia ngurumo, ondoka juu ya mgongo wa mlima, wala usisimame chini ya mti ulio peke yake.

Vibao vya njia vinasema kweli, ukijua kuvisoma. Njano ni njia ya watu wote. Nyeupe-nyekundu-nyeupe inataka viatu vya nguvu na mtu asiye na kizunguzungu. Nyeupe-buluu-nyeupe uwaachie waliozoea kamba. Saa zilizoandikwa hazihesabu kupumzika. Mwenye watoto aongeze nusu. Tena weka nguvu za kushuka. Mwaka 1865 watu saba walifika juu ya Matterhorn mara ya kwanza. Wanne walianguka wakishuka, wakafa.

Kabla ya kuondoka, mwambie mwenye nyumba unakokwenda na saa ya kurudi. Chukua maji, chakula, miwani ya jua, tochi na filimbi. Ukipata shida, piga simu 112, ao 1414 kwa helikopta za Uswisi. Simu isiposhika, piga filimbi mara sita katika dakika moja, nyamaza dakika moja, kisha anza tena. Aliyekusikia atajibu mara tatu.