Mgeni wa Msitu wa Heri na ploti za Murera

Murera, upande wa Ruiru na Juja, mashamba ya mkonge yamekatwa ploti za futi hamsini kwa mia. Sensa ya 2009 iliukuta mji wa Ruiru na watu 238,858. Ya 2019 ikahesabu 490,120. Wageni wanapokewa na wageni. Mnunuzi huulizia maji, stima, barabara na hatimiliki, ila habari za jirani haulizi. Naamini Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya iliyotahiniwa katika mtihani wa KCSE kuanzia 2018, inalichunguza swali hilo kuliko wakala yeyote wa ardhi.

Wengi wanaikumbuka kwa majivu: Ridhaa ameduwaa kwenye gofu la nyumba yake, jamaa zake wameteketea, na aliyehusika ni Kedi, jirani wa miaka mingi. Kinachonisumbua mimi ni kisa kifupi cha nyuma zaidi. Mzee Mwimo Msubili, mwenye wake 12, ardhi ilipombana aliwahamishia baadhi yao Msitu wa Heri. Ridhaa, mtoto wa ukoo huo, akaingia shule mpya. Wenzake wakamtenga mchezoni, mmoja akamsingizia wizi wa kalamu. Akarudi nyumbani analia, akaapa kwamba harudi tena. Mama yake hakumtoa shuleni wala hakwenda kugombana na mtu. Alimpoza, akazungumza na mwalimu. Mwalimu naye akazungumza na wanafunzi juu ya kuishi pamoja. Basi. Mtoto akatulia, akasoma hadi akawa daktari. Ni tukio dogo sana katika riwaya, lakini kazi yote ya kumpokea mgeni imo humo: watu wazima wawili walilibeba jambo ambalo mtoto peke yake lingemshinda. Kwa Kedi, miaka ya kusalimiana tu haikutosha.

Atakayepinga atasema Murera watu wamenunua, hawakufurushwa kwao. Lakini ukoo wa Mwimo nao ulisukumwa na uhaba wa ardhi, sababu ileile inayomtoa mtu kijijini leo. Mwingine atasema ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya, 2007 na 2008, zilizoua zaidi ya watu 1,100, zilikuwa za kisiasa. Ni kweli; hata hivyo siasa ilihitaji mikono, na mara nyingi ikaipata ng'ambo ya ua. Swali ambalo riwaya hainijibu ni hili: watu wazima nani atawaketisha? Vikao vya wakazi mitaani huishia kwenye ulinzi na taka. Na shuleni kitabu hiki kilisomwa kwa mwongozo, maudhui yakakaririwa, mtihani ulipokwisha kikafungwa. Kama nakala yako ingali kabatini, ifungue kabla ya kikao kijacho cha mtaa wako, kisha uliza mbele ya wote: waliohamia mwezi huu wamekaribishwa na nani?